Mbwa akichimba uani sio uchuro, tuangalie shimo kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongelee jambo ambalo wengine wataliona dogo ila mimi linaniuma sana, la mbwa wanaochimba. Kazi yangu ni bustani, natengeneza na kutunza bustani za watu hapa Moshi, kuanzia Shanty Town na Soweto mpaka huku Rau ninakoishi, hata Kibosho nikiitwa naenda, na karibu kila nyumba yenye bustani ina mbwa, kwahiyo mashimo ya mbwa nimeyaona ya kila aina. Kilichonifanya niandike ni kwamba juzi juzi nimesikia tena mtu mzima anasema kwa sauti kabisa mbwa wake amezidi kuchimba, kamchoka, atampakia kwenye gari akamshushe huko mbele ya Bomang'ombe njia ya Arusha. Kabla ya huyo kuna mbwa mwingine namfahamu alitegeshewa sumu kwenye nyama kwa kosa hilo hilo. Hawa mbwa hawajamng'ata mtu jamani, wamechimba tu.

Kinachozidisha ubaya ni hii imani kwamba mbwa akichimba uani ni uchuro, eti anachimba kaburi la mtu wa nyumba ile. Mama mmoja Soweto aliniita nimalizie ukoka wake, nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba haraka haraka na hapo hapo ananiambia fundi, huyu mbwa ananichimbia kaburi, toka mzee aanze kuumwa hajaacha. Nikamwambia mama twende tukaangalie kwanza. Tukaenda nyuma kwenye migomba. Mashimo yalikuwa yamepangana kwa mstari kutoka kwenye mgomba mpaka kwenye tuta la viazi vitamu, kila moja kama sahani ya wali, na katikati ya shimo na shimo ukikanyaga udongo unatitia. Mwisho wa mstari kuna kichuguu cha udongo mbichi. Nikashika jembe nikafunua kidogo, njia ya fuko hiyo hapo, vidole vinne vinaingia. Mbwa mwenyewe amekaa pembeni pua imejaa udongo na masikio yamesimama anasikiliza chini. Viazi vya yule mama vilikuwa vinanyauka siku zote hizo anadhani ni jua. Tukaweka mtego wa fuko, fuko akanaswa, na mashimo yakaisha bila mbwa kuguswa hata na kijiti.

Hapo kwenye fuko na panya niseme neno moja la hatari. Usiweke sumu kwenye njia za fuko kama una mbwa uani. Sumu nyingi za panya zinafanya damu isigande, mbwa akila chambo, na hata akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo, anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu halafu unaona damu kwenye fizi au puani, na hapo ukichelewa kwa daktari wa mifugo umempoteza. Akiwahi kuna tiba ya vitamini K na wengi wanapona. Mtego ni kazi zaidi ila utalala usingizi.

Sasa shimo la joto halifanani kabisa na la fuko. Kiangazi cha Januari na Februari Moshi mjini panawaka, wenyewe mnajua, na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye nyayo, kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Kwahiyo anautafuta udongo wa baridi. Utakuta shimo la kina kifupi lenye umbo la mwili wake, chini ya mwembe, au ukutani upande wa kivuli, au pale bomba linapovuja, na saa nane mchana ukimtafuta yumo humo kajikunja. Huyu umpige usimpige atarudi tu maana joto liko pale pale. Mpe kivuli cha uhakika na maji kwenye sufuria nzito asiyoweza kuipindua, loweka gunia la katani umtandikie, na kama banda lake ni la bati weka majani makavu ya migomba juu ya bati uone tofauti. Wa Arusha mna nafuu kidogo ya hali ya hewa lakini bati ni bati hata Njiro.

Kuna kashimo kengine ambako kamefukiwa vizuri, na ukibahatika kumwona mbwa anakafanya hutasahau. Anachimba kwa miguu ya mbele, anaweka mfupa, halafu kufukia hafukii kwa miguu, anausukuma udongo kwa pua taratibu, anaugandamiza kwa pua hiyo hiyo, anaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona ndo anaondoka. Hiyo ni akiba. Kaitoa kwa mababu zake waliokuwa wanawinda, leo wanakula kesho hawana uhakika. Huyo ukimpa mfupa mpe akiwa amefungwa sehemu moja, akishatosheka uondoe uliobaki, basi. Na jike akianza kuchimba shimo refu chini ya stoo na anabeba matambara kuingiza humo, hesabu siku, mimba ya mbwa ni kama siku 63, anatengeneza pa kuzalia. Muandalie boksi kubwa au kona kavu yenye kivuli isiyopitwa pitwa na watu. Wakati mwingine hana mimba kabisa ila mwili unamdanganya, kama miezi miwili baada ya kuwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, anafanya hayo hayo, msubirini itapita.

Wengine wamezaliwa na tabia ya kuchimba. Hawa vijibwa vifupi vya jamii ya teria na dachshund ambao naona watu wanawanunua siku hizi kwa bei kubwa, walizalishwa Ulaya makusudi kabisa waingie mashimoni kufukuza wanyama wanaokaa chini ya ardhi. Miaka na miaka watu walikuwa wanachagua yule anayechimba kuliko wenzake ndo azae. Leo unamleta Shanty Town unamwambia asichimbe. Ukimpenda umbo lake umependa na makucha yake, mtengee pa kuchimba, nitasema mbele namna gani.

Lakini mkitaka niseme ukweli ninaoujua kutokana na kazi yangu, mashimo mengi ninayofukia hapa mjini hayatokani na fuko wala joto wala mfupa, yanatokana na banda. Mbwa anafungiwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye banda ambalo hata kugeuka anagongana na ukuta, yumo humo mpaka saa tatu usiku, masaa kumi na tano hayo, chakula ni ugali wa dona na dagaa unarushiwa kupitia uwazi wa mlango, hakuna anayemsemesha zaidi ya kumfokea akibweka, halafu usiku anafunguliwa eti alinde. Mnyama mwenye nguvu zile na pua ile, anayesikia kila kitu kinachopita barabarani kutwa nzima na hawezi kukifuata, akifunguliwa mnategemea akae getini kwa adabu? Atakimbia, atatafuna ndala zilizosahaulika kibarazani, atachimba. Asubuhi dada wa kazi anakuta miche iko juu mizizi inaangalia mbingu, baba mwenye nyumba anapigiwa simu, mimi napigiwa simu, na mbwa anarudishwa bandani na kipigo juu. Kesho yake inakuwa hivyo hivyo. Halafu tunasema mbwa huyu ana pepo.

Nimeiona nyumba moja ambapo kijana wao alirudi likizo kutoka chuo, akawa anaamka mapema anamfunga mbwa kamba wanatembea mpaka karibu na msitu wa Rau wanarudi, jioni anamfundisha kukaa na kusubiri. Hakuna aliyepanga kutibu mashimo, yule kijana alikuwa anampenda mbwa tu. Mashimo yakaacha. Mimi nilipanda rosemari na maua ya mstari wa mbele pale bila kuweka hata jiwe na hayakuguswa. Likizo ilipoisha kijana kaondoka, mbwa kabaki bandani, na haikuchukua muda nikaitwa tena kupanda upya. Mwenye nyumba analalamika gharama ya miche, na miche kweli sio bei rahisi, lakini nusu saa ya kumtembeza mbwa asubuhi haina gharama yoyote, kamba tu.

Najua jibu la wengi, mbwa akizoea kutembezwa na kuchezewa hatalinda. Sio kweli. Mbwa halindi kwa sababu ana hasira na maisha, analinda kwa sababu pale anapaona ni pake na nyinyi anawaona ni wake. Aliyetembezwa na kushiba akili imetulia, na ndo anayejua kutofautisha mtu anayepita njia na mtu anayepanda ukuta. Yule wa kufungiwa kutwa anabwekea kila kitu mpaka majirani wanaacha kutoka nje kuangalia, sasa huo ulinzi gani? Kama huna muda kabisa wa kumtembeza basi geti likishafungwa mchana mwachie uani hata kwa zamu, na chakula chake kingine usimwekee kwenye bakuli, vificheficheni vipande vya dagaa uani avitafute kwa pua, watoto wanaipenda sana hiyo kazi na mbwa inamchosha kichwa kuliko mnavyodhani.

Na kuna hili la Januari ambalo ni la kwetu Kilimanjaro hasa. Desemba watu wote wanapanda nyumbani, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kimejaa wajukuu kutoka Dar na Nairobi, mbwa anachezewa, anatupiwa mifupa ya mbuzi, anapigwa picha. Mwaka mpya ukipita magari yanashuka yote wiki moja, anabaki bibi na mbwa. Ndani ya siku chache mbwa anachimba getini, anachimba chini ya masale, ile mimea ya uzio wa kihamba, pale alipoona gari la mwisho limetokea. Bibi anashangaa amepatwa na nini. Kapatwa na upweke huyo. Bibi hawezi kumkimbiza mbwa mlimani, lakini kuna vijana majirani, mjukuu anayetuma hela ya umeme anaweza kuongeza kidogo ya kumpa kijana amtembeze. Na usiku wa mwaka mpya wenyewe, fataki zikianza, mbwa mwoga anaweza kuchimba mpaka kucha zikatoka damu ili tu akimbie ile sauti, radi za masika vile vile. Usiku kama huo muingizeni ndani, hata stoo, mfungieni mahali penye giza na mtu karibu.

Mbwa anayechimba chini ya uzio anataka kutoka, na hapa jambo sio bustani tena. Dume akinusa jike aliye kwenye joto, na joto linakaa kama wiki tatu, haangalii uzio wala mwiba. Akitoka atapigana na mbwa koko, atagongwa, au atarudi na kichaa cha mbwa akilete ndani ya nyumba yenye watoto. Kuhasi dume kunapunguza sana huko kuzurura, na jike naye anafungwa kizazi, madaktari wa mifugo wanafanya. Chanjo ya kichaa ni kila mwaka kuanzia mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu, hiyo haina mjadala. Akimng'ata mtu osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kuona, maana dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo karibu mara zote. Kwenye uzio wenyewe chimbia wavu wa waya kwenda chini kama futi moja, au ulaze chini ya udongo upande wa ndani ukiwa umeshikana na uzio, ncha kali zikunjwe zisimchane. Sisi Moshi tumejaliwa mawe, panga mawe makubwa yaliyozama nusu kufuata mstari wa masale, yanapendeza na hayang'olewi.

Kuhusu kumpiga. Unarudi saa kumi na moja jioni unakuta shimo la asubuhi, unamvuta mbwa unamwonyesha shimo unampiga, naye anainamisha kichwa, unasema umeona, anajua kosa lake. Hajui. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili, akakuta ule uso wa hatia mbwa anauweka pale mwenye mbwa anapomgombeza, awe amekosa au hajakosa. Anakusoma wewe ulivyokasirika, shimo alishalisahau. Anachojifunza ni kwamba ukirudi nyumbani kuna kipigo, basi, na mbwa mwenye wasiwasi anachimba zaidi. Ukimkuta anachimba saa hiyo hiyo, mwite jina kwa sauti, mpeleke kwenye kitu kingine, akija msifie. Na hii ya kujaza shimo maji halafu unamzamisha kichwa, au kumpaka pilipili puani, au kumwaga oili chafu kwenye udongo, nimeviona vyote na naomba viachwe. Ni mateso kwa mnyama, na oili inaua udongo wako mwenyewe, hapo hazitaota hata nyasi.

Wenye bustani kuna mambo tunayafanya wenyewe tunamwita mbwa. Mbolea ya mifupa, samadi mbichi ya kuku, vichwa vya samaki kwenye shimo la mgomba, kuku aliyekufa kufukiwa karibu na maua, hivyo vyote kwa pua ya mbwa ni chakula kimefichwa. Tumia mboji iliyooza vizuri, ukifukia kitu fukia kwa kina na uweke jiwe juu. Udongo uliotoka kulimwa nao unamvuta kwa sababu ni laini na una harufu mpya, kwahiyo mimi nikipanda natandaza wavu wa banda la kuku juu ya tuta na kubana na mawe, mche unapita kwenye matundu, ukishashika mizizi naondoa. Wakati wa kupanda mbwa afungwe upande mwingine asikuangalie unafukia fukia.

Na pale pa kuchimbia nilipopasema ni hivi. Chagua kona yenye kivuli, jenga tofali kuzunguka, urefu angalau mara mbili ya mbwa mwenyewe, kina kama futi mbili, jaza mchanga au huo udongo laini uliobaki kwenye ujenzi. Siku za mwanzo fukia humo vitu anavyovipenda, kwanza juu juu mpaka avione, halafu unazidisha kina. Akichimba humo msifie kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kiangazi umwagie maji kidogo pawe baridi. Wengi wao wanahamia hapo mwenye nyumba akiwa na subira, maana siku ya kwanza na ya pili atachimba kote. Mkague nyayo mara kwa mara, funza wa kwenye udongo mkavu wanampata mbwa kama wanavyompata mtu, na dawa ya minyoo asikose, maana minyoo mingine anaiokota kwenye udongo.

Ombi langu la mwisho ni kwa maafisa mifugo wa Moshi na Arusha. Kila Septemba inapofika siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe 28, na siku nyingine za chanjo, watu wanapanga foleni na mbwa wao kuanzia asubuhi, watoto ndo wameshika kamba. Hao watu mnao hapo tayari. Naomba mkishachoma sindano muulizeni kila mmoja mbwa wake mchana anakaa wapi na anatembezwa lini, na akisema anachimba mumwelekeze hapo hapo badala ya kumwacha aende kusikiliza habari za uchuro kijiweni. Na kama mtahitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kutengeneza kona ya kuchimbia au kuchimbia wavu kwenye uzio, mimi na mafundi bustani wenzangu hapa Rau tutakuja na jembe zetu, hatudai posho.

Mtunza bustani,
Rau, Moshi